Klabu ya kusoma ilianza na 40, wamebaki sita

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari ya kutwa. Januari mkuu wa shule alinikabidhi ufunguo wa maktaba: chumba kimoja, makabati mawili, vitabu kama 600, vingi vya kiada. Nikaanzisha klabu ya kusoma, kila Ijumaa saa tisa alasiri. Walijiandikisha wanafunzi 40. Sasa ni Mei na wanakuja sita, wote wasichana wa Kidato cha Tatu. Riwaya ninazo nakala tatu tatu tu. Kila mwanachama anatakiwa aandike muhtasari wa sura aliyosoma. Nakosea wapi? Na nikiazimisha vitabu vikapotea itakuwaje, maana leja ina sahihi yangu? Mkuu wa shule naye anauliza klabu itapandisha ufaulu lini.

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Swali lako la kwanza umelijibu mwenyewe katikati ya barua, pale ulipoandika kwamba kila mwanachama anatakiwa aandike muhtasari. Mtoto ametoka kwenye vipindi vinane, tumbo linanguruma, nyumbani anasubiriwa akateke maji, nawe unamwongezea kipindi cha tisa na kukiita klabu. Hicho kipindi cha tisa ndicho kilichowakimbiza hao 34. Sita waliobaki ni watoto wanaopenda kuandika muhtasari. Kila shule wapo, Mungu awabariki, lakini hao hata usingekuwepo wangesoma.

Wiki hii futa muhtasari. Futa na kuita majina. Najua wathibiti ubora wakija watataka kuona karatasi, na karatasi utakuwa nayo, nitaifikia.

Halafu hiyo Ijumaa saa tisa. Kwenye shule ya kutwa hiyo ni saa ya kugombania daladala, na kwa anayetembea kilomita tano ni saa ya kushika njia. Wavulana wana mpira, na ukishindana na mpira wa Ijumaa utafungwa, hata mimi nilifungwa. Hamishia mapumziko ya mchana, Jumanne na Alhamisi, dakika 20 kwa saa. Kama shule yenu inapika makande, subiri wamalize kula kwanza. Sijaona hadithi iliyoishinda sahani. Na dakika 20 zikiisha funga, hata wakikuomba uendelee. Wakikuomba ndiyo ufunge haraka zaidi.

Sasa hizo nakala tatu tatu. Wewe unaziona chache. Kwa kuanzia mimi naona zimezidi mbili. Chukua nakala moja uwasomee kwa sauti, wewe mwenyewe, wao wasikilize. Walimu wengi wa sekondari hili huliona jambo la darasa la pili, la watoto wa kukaa kwenye mkeka. Mimi nililiona kwa watu wazima kabla sijaliona darasani. Mwaka 1973 nilikuwa darasa la tatu, kampeni ya Mtu ni Afya ilipopita nchi nzima. Kwetu walikutana chini ya mwembe wa balozi wa nyumba kumi, mara moja kwa wiki, kwa wiki 12. Redio inawashwa, kipindi kinasikilizwa, kisha kiongozi wa kikundi anafungua kijitabu na kusoma kwa sauti, kwa kuwa waliojua kusoma walikuwa wa kuhesabu. Baada ya hapo ni ubishi: choo kichimbwe wapi, nani hana, maji yachemshwe kwa kuni za nani. Inakadiriwa kwamba watu karibu milioni 2 walishiriki kwenye vikundi vile. Pale kwetu kijitabu kilikuwa kimoja, na mashimo ya vyoo yalichimbwa. Hiyo ndiyo klabu ya kusoma ya kwanza niliyoiona maishani, na baba yangu, mbishi wao mkuu, hakujua hata herufi moja.

Kusoma kwa sauti kuna ufundi wake, na mimi niliupata kwa kuharibu. Usifungue kitabu mbele yao kabla hujakisoma nyumbani, kwa sauti, na penseli mkononi, ukiweka alama pale utakapokatia. Sauti za wahusika zitofautishe kidogo tu, usigeuze chumba jukwaa. Maneno magumu yatakuja kila mstari. Chagua mawili au matatu ambayo bila hayo hadithi haieleweki, uyaseme kwa kupita kama unavyomweleza jirani, yaliyobaki yaache. Mwanafunzi akisikia "rubani wa jahazi akatweka tanga" atajua kuna kitu kimepandishwa na chombo kinaondoka, atakutana na neno hilo tena mbele na litamkaa lenyewe. Mwalimu anayesimamisha hadithi kila mstari ili afafanue msamiati ni kama utingo anayegonga bati kila baada ya hatua tatu. Abiria watashuka.

Muhimu kuliko yote ni pa kukatia. Siku ya kwanza nilipofanya hivi kwenye shule niliyokuwa nafundisha, nilikatia pale mlango unapogongwa usiku na mwenye nyumba hajaamua kama afungue. Kengele ikalia. Nje ya dirisha alikuwa amesimama kijana mmoja wa Kidato cha Pili, mkorofi anayejulikana na fimbo zote za shule, wala hakuwa mwanachama. Akauliza, "Mama, alifungua?" Nikamwambia kitabu kipo, njoo uchukue. Akasema yeye hasomi vitabu. Nikampitishia dirishani, nikamwambia, "Ukurasa wa 61, aya ya pili. Soma hapo tu, hapo hapo ulipo." Akasoma, midomo ikicheza. Kisha akageuza ukurasa wa 62 bila kuniuliza.

Kuanzia siku ile nikawa naandika nyuma ya mlango wa kabati majina ya wanaosubiri kitabu kinachosomwa. Hapo ndipo hizo nakala zako mbili za ziada zinapofanya kazi: moja inasomwa kwa sauti, mbili zinazunguka kwa watu wasioweza kusubiri Alhamisi.

Baada ya kusoma uliza swali moja, au usiulize kabisa. Na hilo moja lisitoke kwenye mtihani. Dhamira, ujumbe, migogoro, mandhari, matumizi ya tamathali: hayo yote una vipindi vyake na unalipwa kuyafundisha. Kwenye klabu uliza, "Nani hapa amekosea?" Kisha kaa kimya. Nimeona darasa likigawanyika pande mbili juu ya mama aliyemficha mwanawe kwa polisi, na msichana ambaye hakuwahi kunyoosha mkono mwaka mzima akasimama kumtetea. Swali lingine zuri ni "Wapi ulichoka?", kwa sababu linampa mtoto ruhusa ya kusema kitabu kinachosha. Wanafunzi wetu wamefundishwa kwamba kila kitabu cha shule ni kizuri na kina funzo. Mtu asiyeruhusiwa kukikataa kitabu hataweza kukipenda kingine. Akikirudisha kabla hajamaliza, mpokee bila kumwuliza kwa nini, mpe kingine.

Lugha. Najua utasukumwa, labda umeshasukumwa, klabu iwe ya Kiingereza kwa kuwa mitihani karibu yote ni ya Kiingereza. Anza na Kiswahili. Mtoto wako wa Kidato cha Kwanza amesoma miaka saba kwa Kiswahili, kisha kwa likizo moja masomo yamemgeukia. Kusoma kwake Kiingereza sasa ni kubandua neno moja moja kama maganda ya muwa. Hata kwa Kiswahili wengi hawajawahi kumaliza kitabu, wamemaliza madesa. Ladha ya kumaliza kitabu ataipata haraka zaidi kwa lugha anayoiota. Kisha ataitafuta mwenyewe kwa lugha nyingine.

Kwa Kiingereza kuna njia ya pembeni ambayo imenifaa kuliko mashindano ya mdahalo yote niliyowahi kuyaandaa. Kuna mkusanyiko wa hadithi za picha uitwao African Storybook, ulioanzishwa mwaka 2014 na shirika la Saide la Afrika Kusini. Zipo hadithi nyingi kwa Kiswahili, kwa Kiingereza na kwa lugha nyingine nyingi za Afrika, tena nyingine hadithi ile ile moja kwa lugha mbili. Zina leseni huria: unapakua kwa simu yako, unachapa, hakuna anayekudai. Tatizo ni kwamba zimeandikwa kwa watoto wadogo. Ukimpa kijana wa miaka 15 hadithi ya kuku na tai mbele ya wenzake umemwaibisha, na hatarudi.

Kwa hiyo usimpe aisome yeye. Mpe akamsomee mtu. Zungumza na mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya jirani, uombe nusu saa kwa wiki na darasa la pili au la tatu. Wanafunzi wako waende wawili wawili, kila jozi na hadithi moja na watoto watano. Wiki ya kwanza Kiswahili, wiki ya pili hadithi ile ile kwa Kiingereza. Kijana anayesoma kwa kusitasita ambaye darasani kwenu angekufa kwa aibu, kule anaitwa "mwalimu", na ili asiabike mbele ya watoto wa miaka minane ataisoma ile hadithi nyumbani mara kumi bila kutumwa. Hakuna zoezi la kusoma kwa ufasaha linalomfanya mtu arudie mara kumi kwa hiari. Wale wasichana wako sita ndio wa kuanza nao. Kisha kila mmoja achague mwenzake wa jozi, na sharti liwe moja: asiwe mwanachama.

Usidharau magazeti. Kurasa za michezo zilizokwisha kusomwa ofisini, ziombe, zipange juu ya meza moja karibu na mlango. Wavulana wataingia kwa ajili ya msimamo wa ligi. Waache wasome msimamo wa ligi. Katuni nazo weka. Mtu akikuambia hiyo siyo fasihi, mwambie ndiyo, siyo.

Nije kwenye hofu yako kubwa, maana ndiyo inayoua maktaba nyingi za shule kuliko ukosefu wa vitabu. Leja ina sahihi yako. Ninaielewa hofu hiyo. Niliwahi kulala nayo. Mwaka 1931 mkutubi wa Kihindi, S. R. Ranganathan, alitoa kanuni tano za ukutubi ambazo mpaka leo wanafunzi wa fani hii huzikariri, na ya kwanza ni fupi kabisa: vitabu ni vya kutumiwa. Inaonekana kama utani mpaka ukumbuke kwamba kuna zama huko Ulaya vitabu vilifungwa minyororo kwenye rafu ili visitoke. Sisi mnyororo hatuna, tuna kufuli la kabati na mwalimu anayeogopa kukatwa mshahara.

Nikupe hesabu ya kwangu. Mwaka wa kwanza wa kuazimisha nilipoteza vitabu 13. Nililia. Mwaka uliofuata, kwa woga, nilivifungia vyote likizo nzima ya Desemba, na Januari nilipofungua nikakuta mchwa wamepanda ukutani wakala rafu ya chini yote, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Vilikuwa zaidi ya 40. Mchwa hawaandiki majina kwenye daftari. Kwa hiyo kabla ya jambo lolote, Mwalimu, vuta makabati yako yaachane na ukuta kwa kiganja kimoja na uweke miguu yake kwenye makopo yenye oili chafu. Gereji yoyote watakupa bure.

Kuhusu watu, tenga mafungu mawili. Vitabu vya kiada vyenye muhuri wa Serikali viendelee na utaratibu wake wa leja, usivichanganye. Riwaya, hadithi na vya kuchangiwa vianzishie daftari lake la klabu: tarehe, jina, kidato, kitabu, tarehe ya kurudisha. Mistari tu iliyopigwa kwa rula inatosha. Mweleze mkuu wa shule mapema, kwa maandishi, kwamba vitabu vya fungu hili vitatoka nje na vingine vitachakaa. Mkubaliane idadi ambayo shule itaivumilia kwa mwaka. Aweke sahihi. Karatasi hiyo itakupa usingizi kuliko kufuli. Na daftari hilo ndilo utakalowaonyesha wathibiti ubora. Linasema ukweli kuliko mahudhurio, maana linaonyesha nani amechukua nini kwa mkono wake.

Faini usitoze. Nilijaribu: mtoto anayedaiwa shilingi 500 anaanza kukukwepa, na kitabu kinakwepa naye. Badala yake, wiki ya mwisho wa muhula weka boksi nje ya mlango, tangaza paredi kwamba anayerudisha haulizwi. Vitarudi vya mwaka jana, vitarudi na vya shule nyingine. Niliwahi kukuta humo kitabu cha dini na kofia.

Kitabu kikikatika mgongo usikirudishe kabatini kikafie humo. Fuata utaratibu kifutwe kwenye leja, kisha kigawe sura kwa sura. Kila sura ishone kwa uzi na sindano ya mkeka, upande wa nje uweke kadibodi ya boksi, uandike namba kubwa. Kitabu kimoja kimekuwa vijitabu tisa na watu tisa wanasoma kwa wakati mmoja. Anayemaliza sura ya tatu anamtafuta mwenye ya nne mpaka kantini. Wengine wataanza katikati. Nilikuwa na binti aliyesoma riwaya nzima kutoka sura ya mwisho kwenda ya kwanza, kwa vile ndivyo zilivyompitia mkononi, akaniambia amefurahi sana kujua walivyokutana.

Mkuu wa shule na ufaulu. Usimwahidi. Dakika 40 kwa wiki haziwezi kubeba matokeo ya Kidato cha Nne mgongoni, na ukiahidi, klabu itahukumiwa kwa matokeo ya Hisabati. Mpelekee mwisho wa kila mwezi hesabu moja tu: vitabu vingapi vimeazimwa, mwezi uliopita vilikuwa vingapi. Na mwombe asome. Dakika tatu, paredi ya Jumatatu, nusu ukurasa alioupenda. Mkuu mmoja niliyefanya naye kazi, mwalimu wa Hisabati mwenye uso wa jiwe, alifika katikati ya sentensi akaanza kucheka, akajizuia, akacheka tena, akakirudisha kitabu kwangu bila kumaliza. Wiki ile nyuma ya mlango wa kabati kulikuwa na majina 11 ya wanaokisubiri.

Zawadi za aliyesoma vitabu vingi zaidi, hapana. Utapata bingwa wa kugeuza kurasa na orodha ya uongo. Sherehe na fulana za klabu, subiri mwaka. Kama fedha kidogo itapatikana, nunua riwaya mpya mbili, gundi na selotepu pana. Kwa mafunzo, Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania ina maktaba mikoani na chuo chake kipo Bagamoyo. Kushauri maktaba za shule ni sehemu ya kazi yao, kwa hiyo nenda maktaba ya mkoa ukaulize bila kuona haya. Niliposoma pale Bagamoyo tulijifunza kupanga vitabu kwa namba za Dewey. Kwa vitabu 600 hazihitajiki bado. Kipande cha karatasi ya rangi kwenye mgongo kinatosha: nyekundu hadithi, njano ushairi na tamthiliya, buluu Kiingereza.

Jumanne, basi. Chagua riwaya ambayo wewe mwenyewe ilikukosesha usingizi, hata kama haimo kwenye vitabu teule. Waambie wale sita wasilete madaftari. Madirisha ya upande wa uwanja yaache wazi, soma kwa sauti ya kufika nje, na kitabu cha pili kiwe karibu na mkono wako.